Kutoka Shuleni Saa za Masomo: Nani Ametoa Ruhusa, na Nani Anajua Mtoto Alipo?

Barua tulizopokea safari hii ni nyingi kuliko kawaida, na karibu zote zinahusu jambo moja: mwanafunzi anayetoka shuleni kabla ya kengele ya mwisho. Tumechagua tano. Baadhi tumezifupisha, na majina ya waandishi tumeyahifadhi kwa ombi lao.

Swali: Binti yangu yuko kidato cha pili katika shule ya kutwa. Alhamisi moja jioni jirani alinipa pole kwa ugonjwa wa mtoto, kwa kuwa alimwona kituo cha basi mchana akadhani amerudishwa nyumbani. Sikuwa na habari yoyote. Kesho yake nilikwenda shuleni nikaonyeshwa barua iliyodai kwamba nimemwombea ruhusa aende kliniki ya meno saa nne asubuhi. Ilikuwa karatasi ya vijisanduku iliyochanwa kwenye daftari la hisabati, na jina langu lilikuwa limekosewa herufi moja. Mwalimu mkuu aliniambia, kwa upole lakini bila kuyumba, kwamba utaratibu ulifuatwa: barua ililetwa, mwalimu wa zamu akaigonga muhuri, mlinzi akaandika jina kwenye daftari la getini. Ikiwa utaratibu ulifuatwa, mbona mtoto wangu alikaa nje kwa saa tano bila mtu mzima yeyote kujua alipo? Na kama angepatwa na jambo, lawama ingekuwa ya nani?

Jibu: Pole sana, mama. Mwalimu mkuu hakukudanganya aliposema kwamba utaratibu ulifuatwa. Kasoro iko katika utaratibu wenyewe, kwa sababu unathibitisha kwamba karatasi imeletwa bila kuthibitisha kwamba mzazi ametoa ruhusa. Muhuri uligongwa juu ya mwandiko wa mtoto, na tangu hapo kila aliyefuata, mlinzi akiwamo, aliuamini muhuri asiulize swali lingine.

Kuhusu lawama, sheria hutofautiana baina ya nchi na nchi, lakini katika nchi nyingi zilizorithi sheria za Kiingereza msingi wake ni wa zamani. Mwanasheria Mwingereza William Blackstone, katika juzuu ya maelezo yake ya sheria iliyotoka mwaka 1765, alieleza kwamba baba anaweza kumkabidhi mwalimu sehemu ya mamlaka yake juu ya mtoto, na mwalimu akasimama mahali pa mzazi kwa kiasi kinachohitajika na kazi aliyopewa. Mwaka 1893 mahakama ya Uingereza iliongeza kipimo ambacho kingali kinanukuliwa: mwalimu awaangalie wanafunzi kama baba mwangalifu anavyowaangalia watoto wake. Ukiyasoma mambo hayo mawili pamoja utaona kwamba mamlaka ya shule ni ya kukopeshwa, nayo hayamrudii mzazi mpaka mtoto akabidhiwe kwake, au kwa mtu aliyemtaja, au mzazi mwenyewe aseme kwamba mtoto aachwe aje peke yake. Kati ya saa nne na saa tisa siku ile, binti yako hakuwa amekabidhiwa kwa yeyote.

Mahakama zimewahi kulitazama jambo hili kwa karibu. Katika kesi iliyotoka Carmarthenshire, Wales, iliyoamuliwa mwaka 1955 na Baraza la Malodi, wakati huo likiwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, mtoto wa karibu miaka 4 alitoka darasani wakati mwalimu wake amekwenda kumfunga bandeji mwenzake aliyeumia, akafika barabara kuu, na dereva wa lori aliyemkwepa akafa yeye. Mahakama haikumlaumu mwalimu, kwa kuwa dakika zile chache alikuwa akimhudumia mtoto mwingine. Iliilaumu halmashauri yenye shule, ambayo haikuweza kueleza ilikuwaje mtoto mdogo kiasi kile akafika barabarani bila kuzuiwa na chochote. Nayo Mahakama ya Juu ya California, mwaka 1978, ilisikiliza kesi ya mvulana wa miaka 10 aliyetoroka kabla ya masomo kwisha akagongwa na pikipiki nje ya shule. Shule ilitegemea hoja kwamba ajali haikutokea katika eneo lake. Mahakama ilikataa kwamba hoja hiyo peke yake inatosha kumaliza kesi, kwa sababu uzembe wa usimamizi unaweza kufanyika ndani na madhara yake yakaonekana nje. Lakini iliongeza, na hili lisisahauliwe, kwamba inachodai kwa shule ni uangalifu wa kawaida, haidai ngome.

Uangalifu wa kawaida unaonekanaje? Nilikuwa mwalimu wa zamu kwa miaka mingi kabla ya kuanza kujibu barua hizi, na ningekushauri uombe daftari la getini. Usiulize kama lipo; omba lifunguliwe mbele yako. Katika daftari moja nililowahi kulikagua, safu za jina na darasa zilikuwa zimejaa, safu ya sababu iliandikwa "hospitali" juu ya ukurasa na vialama vya kurudia mpaka chini, na safu ya saa ya kurudi ilikuwa nyeupe kwa kurasa nne mfululizo. Kisha ghafla wiki moja nzima ilikuwa imejazwa bila pengo, kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, saa zote zikiishia na sifuri. Mtu alikuwa ameijaza kwa kikao kimoja, siku moja kabla ya ukaguzi. Daftari la namna hiyo haliwezi kumwambia mtu yeyote, saa sita mchana, ni watoto wangapi wako nje na nani hajarudi.

Jambo jingine la kuomba ni simu. Mzazi apigiwe kabla mtoto hajafika getini, na apigiwe kwa namba aliyoiandika mwenyewe siku ya kumwandikisha mtoto, iliyomo kwenye faili. Namba iliyo kwenye barua haifai, kwa sababu barua ya kughushi huja na namba ya kughushi, na rafiki wa kidato cha juu mwenye sauti nzito akishapokea simu amekwisha kuwa mjomba. Uliza pia mahudhurio huitwa mara ngapi. Shule inayoita majina asubuhi tu inajua nani alifika, lakini haijui nani yupo. Majina yakiitwa tena baada ya mapumziko, pengo la saa tano hupungua likawa la saa moja au mbili.

Na nyumbani, mama, kabla ya adhabu, itazame ratiba ya masomo ya binti yako. Alhamisi kuanzia saa nne kuna kipindi gani, na kuna nani katika kipindi hicho? Mtoto anayebuni jino bovu mara nyingi anakimbia kitu ambacho hajapata namna ya kukitaja: jaribio, mwalimu, au wenzake wanaomsumbua. Pengine ni mapenzi tu ya kutembea mjini, na hilo nalo utalijua kwa kuuliza kwa sauti ya kawaida.

Swali: Niko mwaka wa mwisho wa sekondari na nimetimiza miaka 18. Naruhusiwa kupiga kura, lakini nikitaka kutoka saa ya chakula cha mchana naambiwa nilete barua ya mzazi. Je, kanuni hii ina haki?

Jibu: Kijana, utu uzima umekupa haki ya kuamua juu ya nafsi yako, ila haukukupa haki ya kupanga ratiba ya taasisi uliyojiunga nayo kwa hiari. Hata mfanyakazi wa miaka 40 huaga anapotoka kazini. Shule inaweza kukudai useme unakwenda wapi na utarudi lini. Kinachoweza kujadiliwa ni kudai sahihi ya mzazi kwa mtu ambaye kisheria hana tena mlezi, na hapo naona una hoja. Mkataba wa Haki za Mtoto uliopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1989 unasema katika ibara ya 5 kwamba mwongozo wa wazazi uendane na uwezo wa mtoto unavyokua. Ikiwa hata mtoto anastahili kulegezewa kadiri anavyokomaa, kanuni inayomweka wa miaka 12 na wa miaka 18 katika mstari mmoja imeandikwa kwa uvivu.

Shule kadhaa za Marekani huwaacha wanafunzi wa madarasa ya juu watoke saa ya chakula, kwa kawaida baada ya mzazi kuridhia kwa maandishi mwanzoni mwa mwaka, na anayechelewa kurudi hupoteza nafasi hiyo. Wanaopinga mpango huo wana sababu nzito: huko wanafunzi wengi wa umri huo huendesha magari, na inajulikana vyema kwamba hatari ya dereva wa miaka 16 au 17 kufa katika ajali huongezeka kadiri anavyobeba abiria vijana wenzake. Kama nyinyi mnatembea kwa miguu, semeni hivyo katika ombi lenu. Pelekeni pendekezo lenye muda maalumu wa majaribio, saa kamili ya kurudi, na adhabu mtakayoikubali wenyewe. Ibara ya 12 ya mkataba huohuo inawapa walio chini ya miaka 18 haki ya kusikilizwa katika mambo yanayowahusu, kwa hiyo hamwendi kuomba fadhila. Msiende na hoja ya kura. Nimewahi kukaa upande wa pili wa meza hiyo, na hoja ya kura huwachekesha walimu badala ya kuwashawishi.

Swali: Mimi ni karani wa ofisi katika shule ya msingi. Mwezi uliopita alikuja mwanamume nadhifu, mwenye adabu, akasema ametumwa kumchukua mtoto wa ndugu yake. Mtoto mwenyewe, msichana wa miaka 8, alipomwona alimkimbilia akimwita baba mdogo, nami nikamruhusu. Saa moja baadaye mama yake alipiga simu akilia. Kumbe wazazi wametengana na familia zao zinavutana. Mtoto alikutwa salama kwa bibi yake, lakini tangu siku hiyo mikono inanitetemeka kila mgeni akigonga mlango. Nilikosea wapi?

Jibu: Ndugu karani, mtoto kumkimbilia mtu ni ushahidi kwamba anamjua. Si ushahidi kwamba mtu huyo ametumwa. Kosa lako ni la kibinadamu, na huenda ningelifanya mimi pia, kwa sababu sote tumelelewa kuamini kwamba baba mdogo ni baba. Kwa familia ni baba kweli. Kwa ofisi yako yeye ni mgeni mpaka jina lake lionekane kwenye orodha.

Orodha hiyo ndiyo unayoihitaji. Kila mzazi aandike, siku ya kumwandikisha mtoto na tena kila mwanzo wa mwaka, majina ya watu wanaoweza kumchukua mtoto, pamoja na namba zao za simu na za vitambulisho. Asiyekuwamo asubiri, hata akiwa na haraka, hata akiwa na cheo. Mwenye ruhusa ya kweli atapoteza robo saa, naye akiwa mzazi mwenye akili atakushukuru. Asubiri mahali ambapo mtoto hamwoni, kwa sababu mtoto akishamrukia mgeni shingoni, kumtenganisha naye mbele ya watu wote kunakuwa vita. Wewe au mwalimu wa darasa mwende kumuuliza mtoto faraghani: leo nani anakuja kukuchukua? Shule nyingine huwaachia wazazi wachague neno la siri ambalo aliyetumwa kwa dharura lazima alitaje. Njia hiyo ni nzuri kwa muda, mpaka mtoto atakapolisema neno hilo kwa darasa zima. Libadilishwe mara kwa mara.

Kuhusu kutengana kwa wazazi, jihadhari na kugeuka hakimu. Mkataba wa mwaka 1989 unatambua katika ibara ya 18 kwamba wazazi wote wawili wana wajibu wa pamoja wa kumlea mtoto, na kwa hiyo mama kusema "baba yake asimchukue" kwa kawaida hakutoshi kumzuia baba ambaye mahakama haijamwondolea haki hiyo. Mzazi mwenye amri ya mahakama alete nakala, iwekwe kwenye faili, na mlinzi aambiwe. Pasipokuwa na amri, mpigieni simu mzazi wa pili kabla mtoto hajaondoka, na yote yaandikwe pamoja na saa yalipotendeka. Hata hivyo, hayo ni ya baba mzazi. Ndugu zake, kwa upendo wote walio nao, hawarithi haki hiyo kwa kufika getini.

Swali: Shule ya mwanangu haimruhusu mwanafunzi kutoka hata kwa homa bila mzazi kufika. Sawa, nakubali. Lakini Jumatatu iliyopita saa tatu asubuhi, wanafunzi wote waliokuwa hawajamaliza ada, wa kwangu akiwamo, walitolewa nje ya geti wakaambiwa waende nyumbani wakalete pesa. Mimi na mama yake tulikuwa kazini, nyumba imefungwa. Mtoto ana miaka 11. Je, hapa kanuni imekwenda wapi?

Jibu: Baba, imekwenda likizo pamoja na aibu. Samahani kwa ukali huu, lakini nimeisoma barua yako mara tatu na kila mara nafikia pale "nyumba imefungwa" nashindwa kuendelea.

Shule inayosema kwamba mtoto hawezi kutoka bila mtu mzima aliyemjua haina namna ya kueleza kwa nini wajibu huo umefutika kwa watoto wengi kwa pamoja, asubuhi moja, kwa sababu ya deni ambalo si lao. Deni la ada ni baina ya shule na mzazi. Shule ina njia za kudai: barua, simu, kikao, makubaliano ya kulipa kidogo kidogo, na hatimaye hatua za kisheria. Mtoto wa miaka 11 hawezi kutumiwa kama barua ya madai. Nikirudi kwa kipimo cha baba mwangalifu nilichokitaja juu, sijui baba mwangalifu gani anayemtoa mtoto nje ya nyumba saa tatu asubuhi bila kujua anakokwenda kuna nani. Na kama mtoto angepata ajali njiani, shule isingeweza hata kusema kwamba alitoroka, kwa kuwa yenyewe ndiyo iliyomfungulia geti.

Andika barua kwa mwalimu mkuu na nakala kwa bodi ya shule. Usianze na ada. Mkizungumzia ada kwanza, mazungumzo yataishia hapo. Uliza maswali matatu ya kawaida kabisa: saa ile mwanangu alipotoka, nani aliandikwa kuwa amempokea; nani alinipigia simu, kwa namba ipi; na daftari la getini la Jumatatu linaonyesha alirudi saa ngapi. Omba majibu kwa maandishi. Halafu, kwa haki, nenda ukapange namna ya kulipa deni, maana hoja yako itakuwa na nguvu zaidi ikitoka kwa mtu ambaye hawezi kuambiwa kwamba analalamika ili akwepe kulipa.

Swali: Mimi ni mwalimu wa nidhamu. Wanafunzi wanaruka ukuta saa za mapumziko. Wenzangu wanapendekeza geti lifungwe kwa kufuli kutwa nzima na atakayekamatwa asimamishwe masomo wiki mbili. Unashauri nini?

Jibu: Kufuli hapana, mwalimu, isipokuwa mwenye ufunguo awe amesimama hapohapo muda wote. Siku ya moto, geti lenye kufuli ambalo ufunguo wake uko mfukoni mwa mtu aliyekwenda benki ni hatari kubwa kuliko utoro wa mwaka mzima. Kusimamishwa masomo nako kunashangaza kidogo: kijana ametoroka ili asiwe shuleni, nasi tunamzawadia wiki mbili za kutokuwa shuleni, tena kwa barua rasmi. Ibara ya 28 ya mkataba niliokwisha kuutaja inataka nidhamu ya shule iendeshwe kwa namna inayolingana na utu wa mtoto, na ndani ya mpaka huo kuna nafasi pana: kufidia vipindi alivyokosa, kuitwa kwa mzazi, kunyimwa ruhusa za kawaida kwa muda.

Lakini kabla ya yote hayo, zunguka ukuta kwa miguu, taratibu, upande wa ndani na wa nje, na umchukue mlinzi mwende wote. Pale wanaporukia panajulikana: rangi imechubuka kwa soli za viatu, na kuna jiwe au ndoo iliyopinduliwa ya kupandia. Shuleni kwetu tuliwahi kufanya hivyo baada ya muhula mzima wa kuwakamata watoro na kuwaadhibu. Upande wa nje tulikuta njia imekanyagwa mpaka majani yameisha, nayo haikwenda barabarani wala dukani. Ilikwenda moja kwa moja mpaka kwenye bomba la maji la nyumba ya jirani. Bomba la shule lilikuwa limekauka tangu wiki ya kwanza ya muhula.